Mlima Unaorudisha Umeme

Wenzangu hucheka nikisema nimestaafu, maana miaka thelathini sijaifikisha. Lakini kazi ya kupima gari imekwisha na funguo nimerudisha. Wewe unayeitamani, sikia ilivyokuwa.

Siku ya kwanza, karakana ya Iringa, Fundi Mkuu alinisalimia, "Kamwene, dereva!" akaniingiza kwenye gari la umeme lililosimama juu ya rola. Unakanyaga, magurudumu yanazunguka, gari haliendi popote. Kwenye skrini mbele yako kuna mstari wa kuufuata: sekunde hii mwendo huu, sekunde ile simama, ondoka tena. Ndio mzunguko sanifu. Kila gari hupimwa kwa mwendo uleule, ijulikane linakula umeme kiasi gani. Nikaduwaa. Safari nzima, na bado tupo Iringa!

Nikahamishiwa Mbeya pamoja na gari lile, chini ya Mhandisi, mama mpole asiyetania na namba. Gari lile liliombwa na zahanati moja ng'ambo ya mlima, njia ya Chunya, liwabebe wajawazito. Rola ilisema chaji itatosha kwenda na kurudi. Lakini rola haina mlima, kwa hiyo tukaenda kujaribu barabarani. Ikishindikana, gari linapelekwa kwingine.

Kupanda, chaji ilipungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kushuka nikafanya kama nilivyozoea kwenye malori ya dizeli, zile Canter za Uyole: nyutro, gari lijiendee. Tulipofika zahanati, chaji ya kurudi haikuwepo.

Nesi akauliza taratibu, "Kwa hiyo mnaliondoa?"

Nilitaka kulia. Mhandisi alikuwa anasoma kumbukumbu za safari.

"Mwanangu, mteremko wote uliweka gia gani?"

"Nyutro, Mama. Si nabana matumizi?"

"Unabana dizeli ipi humu?" Akacheka mpaka akavua miwani. "Likiwa kwenye gia, magurudumu yanazungusha mota, mota inarudisha umeme kwenye betri. Wewe umeukatia njia!"

Tukachaji palepale, tukarudi Mbeya, kesho yake tukarudia safari nzima. Kwenye mteremko sikugusa nyutro. Namba ya chaji ikapanda, jamani, ikapanda yenyewe! Mlima ulikuwa unalipa ulichochukua, si chote, ila cha kutosha kutufikisha na kuturudisha. Nesi akabaki na gari lake. Mhandisi akapeleka Iringa kumbukumbu za mwendo wetu na miinuko yake, sekunde kwa sekunde. Sasa hata rola ya Fundi Mkuu inaujua mlima wetu.

Mimi nimerudi kwenye Canter ya viazi. Kila nikiteremka, naionea huruma: mlima unatoa, na yenyewe haina pa kupokelea.