Mkaguzi Chini ya Kawa

Ijumaa ile Ami Ishaq alifunua kawa ili ale, akakuta chakula kinamtazama.

Chakula kile kilikuwa chatu. Chatu alikuwa wangu. Na sahani pia ilikuwa yangu, na hapo ndipo kesi yote ilipo.

Tulieni nisimulie kwa utaratibu, kama nilivyofunzwa shule ya bweni: mikono nyuma, sauti juu.

Naitwa Mahfoudh, miaka kumi na minne. Mwaka huu wa sitini na sita niliteremka Maskati kutoka Mombasa, nilikokuwa nasoma. Kwetu Unguja hapaendeki tena. Mama kabakia huko. Basi nikaletwa kwa Shangazi Muhsina, dada wa marehemu baba, na mumewe Ami Ishaq.

Nilishuka melini na vitu viwili: begi, na bati la biskuti lenye matundu.

Ndani ya bati mlikuwa na chatu mchanga, mwembamba kama kidole gumba, zawadi ya mwalimu wetu wa sayansi. Nilimwita Mkaguzi. Kama mkaguzi wa shule, anakukodolea macho bila kupepesa wala kusema kitu, mpaka unaanza kukumbuka makosa yako.

"Huyu anakula nini?" Shangazi aliuliza, kajishika shingo.

Nikapanda juu ya begi, nikahutubia.

"Mabibi na mabwana! Kiumbe aliyehamishwa hali chakula mara moja. Msimtazame. Mwekeeni chakula, mfunikeni, ondokeni. Asipewe kikubwa kuliko unene wa tumbo lake. Akishakula asibebwe siku mbili, atatapika. Akizoea, atatoka mwenyewe."

Binamu yangu Aflah, rika langu, akapiga makofi.

"Tumeletewa waziri," akasema Ami Ishaq, "na nyoka wake."

Mchana ule nikaketi nao kwenye sinia. Macho yote yakafuata mkono wangu. Bwenini nimezoea kijiko. Tonge likanikwama kooni, machozi yakatangulia. Sikula.

Kesho yake sahani yangu ililetwa chumbani, peke yake, imefunikwa kawa. Shangazi akaiweka, akageuka, akaenda zake.

Kesho kutwa vilevile. Wiki ikapita, ukaja mwezi, ukaja wa pili.

Mnaojua nyumba zetu mnajua maana yake. Watu wanakula sinia moja. Anayewekewa sahani mbali ana ugonjwa wa kuambukiza, au kachokwa.

Nikimkuta Aflah ukumbini, anageuza uso ukutani. Nje, watoto wa mtaa wananiita Zinjibari, na Kiarabu changu kinawavunja mbavu.

Mchana, jua linapopasua mawe, nikiwasikia upande wa pili wa ukuta wakila na kucheka. Nilitaka kujua wanachekea nini. Nilikitaka kicheko kile kuliko nyama.

Nikabaki na Mkaguzi.

Nilimpa sanduku la chai: upande mmoja unagusa ukuta wenye joto, upande wa pili gunia bichi ajipoze. Bakuli la maji. Panya mdogo kwa wiki, kutoka ghala la tende. Nikimpa, namwambia "bismillahi," maana hakuwa na mwengine wa kula naye.

Akijivua ngozi nampima kwa uzi, napiga fundo. Alikua vizuri, wallahi. Alikuwa na mtu wa kumpima.

Ndipo nikaazimia kuwarudishia sahani yao.

Ijumaa, wamekwisha kaa, nikaingia na sahani chini ya kawa, nikaiweka katikati.

"Leo na mie nimeleta changu."

Ami Ishaq akafunua.

Sijapata kuona mtu mzima wa heshima yake akipanda dirishani namna ile. Aflah akamfuata. Dirisha lilikuwa dogo.

Shangazi hakuondoka. Akafoka:

"Mahfoudh! Jana si kala huyu? Umembebaje?"

Kabla sijajibu, Mkaguzi akapinda shingo, akamtapika panya mzima mzima juu ya jamvi. Khalafu akalala kinywa wazi.

Kicheko kikanikauka. Chatu mchanga akitapika anaweza kufa. Hilo nnalijua, ila hasira zilinisahaulisha.

"Umejuaje kama kala jana?"

"Nimekusikia ukimwambia bismillahi. Kila wiki nakusikia."

"Unanisikia, na chakula unanitupia kama paka!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata dirishani.

"Nakutupia?" Shangazi akakaa chini. "Si wewe ulopanda juu ya begi ukatufundisha? Siku ile tulikutazama, ukashindwa kumeza. Nikasema, basi, na huyu kahamishwa. Nikawakataza wote wasikutazame. Aflah kala kofi kwa kuchungulia."

"Mawili," akasema Aflah kutoka dirishani.

"Nikawa nangoja sahani zirudi. Mwanzo wali wote. Khalafu nusu. Khalafu nyeupe, hazina hata punje. Nikasema, alhamdulillahi, anakua. Ulisema atatoka mwenyewe, tukangoja. Kanzu yako nimeifumua pindo, hukuona?"

Nikatazama chini. Pindo la zamani lilikuwa limeacha mstari. Mie, mpima nyoka, sikuuona.

"Nyoka aondoke leo!" Ami Ishaq alinguruma huko juu.

"Mgonjwa hafukuzwi," akasema Shangazi. "Haya, Mahfoudh. Tufanyeje?"

"Asiguswe. Asile wiki mbili. Khalafu apewe kidogo kabisa."

Wiki mbili nilikula kwenye sinia, jicho langu likiwa sandukuni.

Siku ikafika. Tukamwekea mtoto wa panya, tukafunika, na nyumba nzima ikakaa imegeuza migongo. Ami Ishaq naye, ingawa karibu na mlango.

Aflah akachungulia. Kofi la tatu hilo.

"Hayupo," akasema, kajishika shavu.

"Nani? Mkaguzi?"

"Panya!"

Baadaye Shangazi akaomba uzi wangu. Akanisimamisha ukutani, akanipima utosi mpaka kisigino, akaukata.

"Kuna mtu anakwenda Mombasa. Huko watampata wa kumfikishia mama yako uzi huu, aone ulivyokua."

Nikauchukua, nikaupiga fundo mwishoni, kama nnavyompigia Mkaguzi.

Funzo, basi, mikono nyuma, sauti juu: ukimwekea mgeni chakula ukaondoka, mwambie kwanza kwa nini unaondoka. Chatu hahitaji kuambiwa.

Mtoto wa mtu anahitaji.