Vibibi vya Siku ya Tano

Wiki jana nilikifungua kitabu cha mapishi cha marehemu mama, nikitafuta kitu kitamu chepesi cha kuwapikia wanangu asubuhi. Harufu ya iliki ikanipiga puani nikakaa chini bila kupenda. Kitabu chenyewe kimezeeka, hakina jalada, na kila ukurasa alioupenda Mama una doa la tui. Nimeshajaribu maandazi yake, nimejaribu mkate wa sinia. Ukurasa wa vibibi, vile vikate vya mchele na nazi, huwa naupita mbio. Leo nawaambieni kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa kijiji cha Hewani, Mama alipofariki kwa malaria. Kwetu jiko la marehemu haliwashwi mpaka matanga yaondolewe. Majirani ndio huleta chakula. Wakaleta ugali, wakaleta samaki, wakaleta ndizi za kuchemsha. Mdogo wangu Zawadi, wa miaka minne, hakugusa kitu. "Nataka vibibi vya Mama," ndilo neno lake asubuhi na jioni. Siku ya tano macho yalikuwa yameingia ndani na miguu haimchukui. Niliogopa, jamani, niliogopa naye atatuacha.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa ameshatuonya: "Jiko la marehemu halichezewi." Lakini asubuhi ile alikwenda mtoni kuteka maji, na Baba alikuwa jamvini na wanaume wa msiba, nyumba ya tatu. Nikambeba Zawadi nikaingia jikoni. Mchele nilikuwa nimeuloweka tangu jana yake, nikauficha mvunguni, mjanja mimi! Kitabu kilitaka usagwe uwe laini. Mimi niliutwanga kwa woga nisisikike, ukabaki changarawe tupu. Nikaukoroga kwa tui na sukari, nikatia iliki konzi nzima, maana Mama hakuwa akikisikiliza kitabu kwenye iliki.

Nikawasha moto. Cha kwanza kiliungua. Cha pili kikapasuka. Cha tatu kikaiva, na harufu ikatoka mlangoni ikaenda zake.

Nikasikia mtu anakimbia. "Mama Rehema! Mama Rehema!" Rehema ni mimi, na hivyo ndivyo Baba alivyomwita mkewe. Akaingia miguu mitupu, anacheka. Wallahi, anacheka huku machozi yanamtoka. Akanitazama pale kwenye mafiga, akatazama nyuma yangu, akatazama nyuma ya mlango. Kicheko kikamwishia.

Nilijua nitachapwa. Hakunichapa. Alikaa kwenye majivu, akampakata Zawadi, akamlisha kipande kwa kipande mpaka mtoto akasinzia na tui mdomoni. Yeye mwenyewe hakuonja.

Miaka mingi nilijisifu kwamba nilimwokoa mdogo wangu. Na kweli alipona. Leo ana wanawe, na kwa unene amenishinda. Ila mwaka niliomzika mume wangu, nilisikia kengele ya baiskeli yake uani, nikatoka mbio, sufuria nimeiangusha. Kumbe ni mtoto wa jirani anaichezea. Nilisimama pale uani, nikamwona Baba wa asubuhi ile ya vibibi.

Nilimrudishia mkewe kwa hatua thelathini, kutoka jamvini hadi jikoni, kisha nikamfanya amzike tena. Amekufa sijamwomba radhi.