Wiki Mbili, Wiki Tatu, na Ngumi ya Zubeda

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kemo, dawa za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa, nilipewa kalenda ya ukutani na penseli nyekundu. Nilikuwa nimetoka wodi ya upasuaji na nilijiona fundi wa mishipa. Muuguzi Mkuu, mama mnene aliyesomea kazi yake kwa Kifaransa na kuomba dua zake kwa Kinyarwanda, alinitazama mikono, akaniambia:

"Mwezi huu usiguse mfuko wa dawa hata mmoja. Jifunze kwanza kuhesabu siku."

"Kuhesabu najua, Mama."

"Unajua kuhesabu siku za mtu mzima wa afya. Hapa utahesabu siku za damu."

Mimi nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, na nilirudi Kigali na Kiswahili changu na cheti changu cha uuguzi. Ndiyo maana wagonjwa wa Kimisagara na Biryogo, mitaa ya Kigali wanakosema Kiswahili, waliletwa kwangu. Wengi wao walikuwa wanawake waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti ikiwa bado changa. Uvimbe ulikuwa umetolewa. Kemo ilikuja baadaye, kuwinda mbegu ambazo huenda zimejificha mwilini na ambazo jicho wala mashine haizioni.

Niwaeleze vijana jinsi tulivyofanya. Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu kama juisi ya ibinyomoro, yale matunda mekundu ya kwetu, ikapitishwa kwenye mshipa wa mkono ulio upande usiopasuliwa. Kila awamu iliitwa mzunguko. Dawa huua mbegu mbaya, lakini njiani hupiga pia chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na maambukizi. Kwa hiyo mwili hupewa mapumziko ili chembe zirudi. Ratiba ya kawaida ilikuwa mapumziko ya wiki tatu. Ratiba nyingine ilikuwa ya wiki mbili: dozi ni zilezile, ila zimesogezwa karibu ili mbegu zisipate nafasi ya kuchipua tena, na mgonjwa huchomwa sindano ya kuhimiza chembe nyeupe. Madaktari walipima faida na hasara kwa kila mwanamke, wakiangalia uvimbe ulikuwa wa aina gani, moyo ukoje, kama ana ugonjwa wa sukari. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika tarehe na kuhakikisha damu imepimwa siku moja kabla.

Benchi la kungojea lilikuwa chini ya dirisha, na hapo ndipo ratiba zililinganishwa kweli. Wanawake walitoa kadi zao wakazitazama kama wanafunzi wanavyotazamana ripoti za shule. Siku moja Mwalimu Jeanne, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Remera, aliniuliza kwa nini yeye ni wiki tatu na jirani yake ni wiki mbili. Nilikuwa nimebeba trei, nina haraka. Nikajibu, "Aa, Mwalimu, wiki mbili ni za wenye nguvu."

Jirani yake alikuwa Zubeda, fundi cherehani wa Kimisagara, mjane mwenye binti wawili. Alicheka akapiga paja.

"Umesikia, Mwalimu? Mimi iko na nguvu! Nitamaliza, nitakuja kukuletea uji wewe ukiwa ungali hapa."

"Ulete na sukari ya wengine, yangu daktari ameikataza," Mwalimu alijibu, na benchi zima likacheka. Nami nilicheka. Sikujua nimepanda nini.

Mzunguko wa kwanza na wa pili Zubeda aliipita vizuri. Siku ya mzunguko wa tatu alifika mapema, mtandio umefunika nusu ya uso, akaketi kwenye kiti chake bila kumchokoza Mwalimu. Hilo lilikuwa la kwanza kuliona. Vipimo vya damu vya jana yake vilikuwa vimefikia kiwango cha kuruhusu dawa, kwa kidogo tu. Joto lilikuwa la kawaida. Alipasuliwa upande wa kushoto, kwa hiyo alininyoshea mkono wa kulia. Nilimfunga mpira juu ya kiwiko, nikamwambia akunje ngumi ili mshipa uinuke. Akakunja. Nikaupata mshipa kwa vidole.

"Haya, fungua ngumi."

Hakufungua.

"Acha tu, mama. Iko vizuri hivi."

Kwa miaka yangu yote ya uuguzi sikuwa nimemwona mgonjwa anayekataa kufungua ngumi. Niliweka sindano chini, nikafungua mpira, kisha nikamfungua vidole kimoja kimoja. Kidole cha kati kilikuwa kimezungushiwa kipande cha kitenge, kimevimba, ngozi yake inang'aa.

"Sindano ya cherehani," alisema. "Ni juzi. Kitu kidogo."

"Umepata homa?"

"Sina homa. Si umepima mwenyewe?"

Nilimwita Daktari Msimamizi, mtu mwerevu aliyetembea haraka kama anayewahi basi. Alikitazama kidole, akasoma karatasi.

"Joto la kawaida. Damu inaruhusu. Mpeni antibiotiki ya kumeza na mwendelee. Ratiba ya wiki mbili ikichelewa inapoteza maana yake."

"Daktari, naomba saa chache."

"Za nini?"

"Za kumtazama tu."

Alivuta pumzi. "Mpaka saa saba. Baada ya hapo unatundika mfuko, au uniambie sababu inayoandikika."

Ilikuwa saa tatu. Nilimkalisha Zubeda karibu na meza yangu bila dripu. Alinikasirikia waziwazi.

"Wenzangu wote wamewekewa dawa. Mimi unaniweka hapa kama nguo ambayo mwenyewe hajaja kuchukua."

"Ihangane, Zubeda. Vumilia kidogo."

"Siku yangu ikipita, utanirudishia wewe?"

Nilijua nikikosea nimemchelewesha mwanamke dawa yake bila sababu, na pia nilijua kwamba nikitundika mfuko juu ya maambukizi, hata hizo chembe chache zilizobaki zitafagiliwa. Nilipima joto kila nusu saa. Saa tano, kawaida. Saa sita kasoro, limepanda kidogo. Saa sita na nusu nilisikia kitu kinagonga. Kilikuwa kiti chake. Alikuwa akitetemeka, na jua la dirishani lilikuwa limemwangukia mabegani. Joto lilikuwa limepita thelathini na tisa.

"Ulimeza nini asubuhi?" nilimwuliza.

Machozi yakamtoka. "Parasetamoli mbili, kushusha homa. Nyumbani, kabla ya kupanda moto, pikipiki ya kuja hapa. Ulisema wiki mbili ni za wenye nguvu. Mkiona homa mtanishusha kule kwa wiki tatu, na mimi nina watoto."

Alilazwa mchana uleule, akapewa antibiotiki kwa dripu. Damu ilipopimwa tena, chembe nyeupe zilikuwa zimeporomoka chini ya zile za jana. Daktari Msimamizi aliisoma karatasi akiwa amesimama. "Tungetundika ule mfuko..." alisema, kisha akaikunja karatasi, akanishukuru kwa kichwa. Sikustahili shukrani zote. Homa ile aliificha yeye, lakini neno lililomfanya aifiche lilitoka kinywani mwangu.

Alipopata nafuu, daktari alimhamishia ratiba ya wiki tatu. Zubeda aligeukia ukuta. Nilivuta kiti.

"Mimi ndiye niliyekosea," nilimwambia. "Nguvu haimo katika hesabu ile. Mizunguko ni ileile, dawa ni ileile. Daktari anatafuta tu mwendo ambao mwili wako utaumaliza."

Halafu akasema, bado akitazama ukuta, "Kitambaa kipya unakifua kwanza, ndipo unakata. Kingine kinakauka asubuhi moja, kingine siku mbili. Ukikata kibichi, nguo inaharibika."

"Ndivyo."

"Kwa hiyo mimi ni kitambaa kizito."

"Kizito, na cha bei."

Aligeuka akacheka kidogo. Alimaliza mizunguko yote, wiki moja baada ya Mwalimu Jeanne, na Mwalimu ndiye aliyemletea uji. Hadi leo cherehani ya Zubeda inalia Kimisagara. Si wote wa benchi lile waliofika mbali hivyo, na nyuso zao bado ninazo.

Tangu siku ile, juu ya kila karatasi ya mgonjwa niliandika kwa penseli nyekundu swali moja la kuulizwa kabla ya kupima joto: Umemeza nini leo asubuhi? Na neno nguvu nililiondoa kabisa nilipoeleza ratiba. Muuguzi Mkuu aliliona swali lile siku chache kabla ya kustaafu. Akasema, "Sasa unajua kuhesabu."

Nami nimestaafu. Ratiba zinahesabiwa na kompyuta, na benchi limebadilishwa kuwa viti vya plastiki. Mwezi uliopita nilikwenda kituo cha afya hapa Remera kupimwa presha. Asubuhi ile nilikuwa nimemeza kidonge cha ziada cha presha, ili namba ionekane nzuri na wanangu waache kunisumbua. Binti muuguzi, ambaye sijapata kumwona, alikamata mkono wangu, akatulia.

"Mukecuru," aliniita, yaani bibi, akaniuliza kwa upole, "kabla ya kupima, umemeza nini leo asubuhi?"

Nilitazama mkono wangu. Nilikuwa nimekunja ngumi. Nikaifungua, nikamwambia.