Fundi Anayeruka Kidonge Siku ya Kitambaa Cheupe

Saa mbili asubuhi, maabara. Fundi cherehani wa miaka sitini na nane amenyoosha mkono, anamsimamia mpima damu kana kwamba anamfundisha kushona.

"Sindano umeilaza mno, binti."

"Babu, wewe shona nguo, damu niachie mimi. Tulia!"

Wateja humwita Nusu Inchi, maana shati likizidi nusu inchi analifumua lote. Kwa wiki hushona mashati arobaini ya shule.

Moyo wake hudunda bila mpangilio. Moyo wa hivyo unaweza kugandisha damu, bonge likapanda kichwani, mtu akapooza. Ndiyo maana anameza kidonge kila siku na kupimwa damu kila mwezi. Namba yake ya kuganda kwa damu inatakiwa iwe kati ya mbili na tatu; ikishuka, damu inaganda upesi.

Jumatatu iliyopita mkasi ulimponyoka. Mkono wa kulia ukawa kama wa kuazima, mdomo ukaenda upande. Robo saa ikapita, akarudi sawa, akataka kumalizia kola! Mkewe akamkokota hospitali. Namba ikasoma moja nukta mbili.

"Dawa unameza?" daktari akamuuliza.

"Nameza."

"Kila siku?"

Mkewe akadakia, "Sema, baba watoto, au niseme mimi?"

Ndipo akafunguka. Akiwa na dawa mwilini, sindano ikimchoma kidole, damu haikatiki upesi, inadondokea shati la mtoto wa watu. Basi siku ya kitambaa cheupe hamezi kidonge. Na shule zikikaribia kufunguliwa, kila siku ni cheupe!

Leo, hapa maabara, hasira za mpima damu bado hazijapoa. "Nguo ya mtu ikipungua nusu inchi hulali. Namba yako ilipungua vile, ukataka kumalizia kola?"

"Shati likiharibika nalipa mimi," fundi anajitetea.

"Na ukilala kitandani, nani atakugeuza?" mkewe anamkata.

Wenye wazazi nyumbani, msiridhike na "nimemeza." Hesabuni vidonge. Wanadanganya kuliko watoto! Wala wasimeze viwili kufidia kilichorukwa, damu itavuja ndani.

Majibu yanatoka: moja nukta tisa. Bado kidogo.

Mpango mpya ni huu: yeye atakata na kupiga cherehani, kazi ya sindano ya mkono aifanye mkewe.

"Vifungo vyote vitapinda," fundi ananung'unika.

"Acha vipinde," mkewe anasema, akimkabidhi kidonge na kikombe cha maji. "Afadhali kifungo kuliko mdomo wako. Meza nikuone."