Ndege ya Kumfikisha Mama Melini

Dada yangu huoka mikate kwenye meli ya watalii inayong'oa nanga Durban, Afrika Kusini. Mwaka jana wafanyakazi waliruhusiwa kumwalika mzazi kwa safari ya siku nne, naye akamwalika Mama. Kazi ya kumfikisha bandarini niliachiwa mimi, kwa kuwa nina duka la kupiga chapa na intaneti hapa Suna, mjini Migori, na kwetu mwenye kompyuta huhesabiwa mtaalamu wa kila kitu.

Nilijiamini kupita kiasi. Nilipekua ratiba za ndege jioni mbili mpaka nikapata mpango ulionipendeza: Kisumu mapema asubuhi, Nairobi, Johannesburg, kisha Durban saa nane mchana siku ileile ya meli. Nikampigia Mama huko Homa Bay nikitarajia sifa.

"Meli inaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na moja jioni."

"Na mlango wake unafungwa saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na hiyo ndege yako inatua saa nane."

"Ndiyo. Una saa nzima mkononi."

Mama ni mkunga mstaafu. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, neno analotanguliza akitaka kunikosoa bila kuniumiza, "nimezalisha wanawake miaka thelathini. Anayengoja dakika ya mwisho ndiye huzalia njiani."

"Mama, ndege si bodaboda. Ina ratiba."

"Hata mimba ina ratiba."

Kesho yake akaja Migori mwenyewe, na daftari mkobani. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavaa miwani, akaniamuru nifungue upya ukurasa wa ndege. Alitaka kufika siku mbili kabla.

"Siku mbili utafanya nini Durban?" nikamuuliza. "Meli yenyewe haitakuwa imefika."

"Nitaangalia mahali itakaposimama."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja nakala za hati ya shamba lake akacheka. "Msikilize mamako," akaniambia. Basi nikawa mmoja dhidi ya wawili, dukani kwangu mwenyewe. Nikabadilisha tarehe.

Nilipomaliza, Mama akaniuliza kama nimekumbuka kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nikamwambia sidhani kama inahitajika. Alifungua mkoba, akaiweka kadi juu ya kibodi yangu. Alikuwa amechanjwa wiki iliyotangulia.

Siku ya safari ilipofika, akaondoka. Jioni alipotua Durban alinipigia, sauti yake imetulia kabisa. "Nimefika. Sanduku limebaki Johannesburg." Mimi ndiye niliyehangaika. Yeye alinunua mswaki, akalala, na kesho yake mchana sanduku likaletwa hotelini. Nguo zote alizoshonesha kwa ajili ya meli zilikuwa humo.

Siku ya meli nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Niliifuatilia kwenye simu ile ndege niliyoichagua mwanzo. Ninakiri niliiombea iwahi. Ilichelewa kuondoka, ikatua Durban saa tisa na nusu. Jioni dada akanitumia picha ya Mama amesimama kwenye sitaha ya meli, upepo umemvua kilemba nusu, na chini yake ameandika: "Mama anauliza ile ndege yako ya kwanza ilitua saa ngapi." Nikajibu kwamba mtandao wa huku ulikuwa mbovu.

Kwa safari ya kurudi nilikuwa nimeshaelimika. Meli ingetia nanga asubuhi, kwa hiyo nilimwekea ndege ya kesho yake. Saa nne asubuhi simu ikalia.

"Nimeshashuka. Mbona ndege ni ya kesho?"

"Mama, si wewe uliyesema tusiharakishe?"

"Hiyo ilikuwa kwenda," akasema kama anayemfundisha mtoto. "Meli inaweza kukuacha. Nyumbani kutakuacha kwende wapi?"

Siku hiyo alinipigia mara sita. Mara ya nne alikuwa akiniuliza kama kuku wake wamelishwa.

Nilimpokea Kisumu kwa gari la rafiki yangu. Njia nzima alinieleza jinsi watu wa melini wanavyokula, kwamba chakula cha asubuhi kinaitwa hivyo tu lakini hakikomi. Tulipofika Oyugis akataka ndizi. Mwanamke muuzaji akaliona sanduku lenye karatasi za uwanja wa ndege, akauliza ametoka wapi.

"Baharini," Mama akajibu.

"Samaki wa huko wakoje?"

Mama akafikiri kwa haki, kama shahidi mahakamani. "Ni wakubwa," akasema. "Lakini hawajui kuwapika."

Wakacheka wote wawili, na muuzaji akamwongezea ndizi mbili. Mama akanipa moja, akaniambia niendeshe polepole, hakuna mtu anayetungoja.