Mama mkwe anadhani kumbukumbu imemtoka, kumbe hendibreki niliiua mimi

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana Nachingwea mafundi tunahesabika kwa vidole. Nina miaka thelathini na minne, nafunga na kufungua magari, nina mke na watoto wawili. Naandika nikiwa internet kafe na jamaa wa kompyuta ya pili ananichungulia. Achungulie tu, maji yamenifika shingoni.

Mke wangu kwao ni Ruangwa. Mama yake ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na mbili, na kwa kumbukumbu hana mpinzani. Ukikutana naye sokoni atakutajia dawati ulilokaa na siku uliyochapwa. Mara mbili kwa wiki alikuwa anaendesha gari mwenyewe hadi Malolo kufundisha akina mama kusoma na kuandika. Gari alinunuliwa na mwanawe mkubwa aliyeko Dar, limetumika Ulaya, na hendibreki yake haina mkono wa kuvuta. Kuna kitufe tu. Ukibonyeza, mota mbili ndogo kwenye magurudumu ya nyuma zinakaza breki. Sisi huku tumezoea Land Rover na jiwe nyuma ya tairi.

Siku moja mchana alipiga simu kwamba amekwama Chinongwe, gurudumu la nyuma limekaza na taa nyekundu inawaka. Nikampakia mke wangu kwenye pikipiki tukaenda. Tulimkuta mama amekaa kibarazani kwa watu, ametupa mgongo. Katika familia yetu mkwe wa kiume haongei na mama mkwe ana kwa ana, kila neno linapitia kwa mke. Ni mwalimu, amesoma, lakini hilo hakulegeza, na mimi pia sikutaka alegeze.

Betri nzima, fyuzi nzima. Nikalala chini, nikamwambia mke wangu abonyeze kitufe. Mota ya kushoto ikalia, ya kulia kimya. Nikapima kwa testa, umeme unafika mpaka pale, kwa hiyo mota yenyewe ndiyo imekufa, imeingia maji na vumbi. Nikaifungua, nikazungusha skrubu ya ndani kwa spana mpaka pedi zikaachia. Mpaka hapo nilifanya kazi ya kifundi, naapa.

Wakati huohuo shemeji akapiga simu kutoka Dar. Mke wangu akaniletea maneno yake yalivyo: "Kaka anasema fundi wa Land Rover asiguse gari la kompyuta, atatuma mtu anayejua." Jamani, nilichemka! Mota ya aina ile ilikuwa haipatikani huku. Nikachomoa waya wa ile ya kushoto nayo, isije ikamkwamisha tena njiani. Gari likabaki halina hendibreki kabisa. Taa ikaendelea kuwaka, nikafungua dashibodi nikaiziba kwa tepu nyeusi.

Nilijua cha kusema. Mama akiegesha aache gari ndani ya gia na aweke jiwe, mpaka mota mpya ifike. Mke wangu akaniuliza, "Baba Zuhura, imepona?" Nikimwambia haijapona, shemeji atasikia leo hii hii. Nikasema, "Imepona." Mama kule kibarazani akamwambia mke wangu kwa sauti ili nisikie: "Mwambie mwenzio Mungu aibariki mikono yake."

Siku tisa baadaye, kule Malolo, aliegesha likitazama kilimani. Akaweka gia huru kama alivyofundishwa na mwanawe, akabonyeza kitufe, akazunguka nyuma kutoa vitabu. Gari likamrudia. Paja likavunjika, na leo anatembea kwa gongo.

Mwanzoni alikuwa anasema, "Mimi nilibonyeza." Shemeji akaja, akawa anamjibu kila siku, "Mama, gari halina kosa, ni umri. Ulisahau." Kisha wakaniita mimi nikague. Nikakagua mbele yao wote nikasema hendibreki ni nzima. Nilisema hivyo kwa kinywa hiki ninacholia chakula! Mama akamtuma mke wangu kwangu: "Mwambie mwenzio anisamehe, kazi yake nzuri nimeiharibu kwa usahaulifu wangu."

Sasa gari liko gereji kwangu na funguo ninazo. Mota mpya niliyoagiza kimyakimya imeshafika, iko kwenye boksi. Nikiifunga, nikarudisha ule waya wa kushoto na kubandua ile tepu, hakuna mtu duniani atakayejua. Nimelishika boksi hilo mara nyingi, mikono inakataa.

Darasa la Malolo ameliacha, anasema atawafundisha watu makosa. Jumamosi ndugu wana kikao cha kumhamishia Dar, nyumba yake ipangishwe, kwa sababu "mama si wa kuachwa peke yake". Naye amekubali. Shemeji akijua ukweli atanipeleka polisi. Mke wangu akijua, huyo ni mama yake mzazi, sijui kama nitabaki na ndoa. Simlaumu.

Juzi mke wangu alikwenda kumwona, akarudi analia. Mama aliswali adhuhuri mbele yake, akakunja msala, kisha akamuuliza taratibu, "Mwanangu, hivi nimeshaswali?"

Ndugu zangu, yule mama ni mzima. Nianzie kwa mke, kwa shemeji, au nivunje mila niende nikapige magoti mbele yake, niseme naye kwa mara ya kwanza, na neno lenyewe liwe hili? Nitukaneni kwanza, ni haki yenu. Mkimaliza nishaurini, Jumamosi si mbali.