Kipampu Kilicholia Msibani Makote

Jamani, hili nimelificha hata kwa mke wangu, na msingenichokoza leo ningezikwa nalo, maana aibu nyingine mtu huja kuzicheka baadaye, ila hii kila nikitaka kuicheka nakwama katikati.

Mnaujua utafiti wangu wa shahada ya uzamivu: napima vumbi wanalovuta wapuliziaji wa mikorosho wanaotumia ile dawa mpya ya unga, yenye chembe zilizotengenezwa maabara, ndogo mno hata jicho halizioni. Mpuliziaji anafunga kipampu kiunoni, mpira unapanda mpaka kwenye kichujio karibu na pua, kinavuta hewa ileile anayovuta yeye. Asubuhi ile pale Makote nilikuwa nimekivaa mwenyewe, napima hewa ya kawaida ya kijijini ili nilinganishe na ya shambani, huku wapuliziaji wakijiandaa kutoka, tukaletewa habari kwamba Baba Zuhura amefariki.

Baba Zuhura alikuwa mpuliziaji wangu wa kwanza kabisa, msimu uliopita, na kifua kilikuwa kinamsumbua tangu masika. Kule msiba ukitokea kazi inalala, wenzake wakatua mashine zao za kupulizia palepale wakaondoka, nami nikawafuata. Na kipampu? Nikakiacha kinavuma chini ya koti, kwa sababu nikikizima kipimo cha siku nzima kinaharibika, na (sikilizeni akili ya msomi) nikajiambia kwamba hewa ya msibani nayo ni hewa.

Tukakaa mikekani, jeneza mbele yetu, sheikh akaanza dua. Nilipokunja miguu mpira nao ukajikunja, pampu ikakosa hewa, ikaanza kulia, pii, pii, pii, jirani yangu akaninong'oneza nizime simu, nikawa nabonyeza juu ya koti kama mtu anayejikuna, haizimi, nikainuka, kifungo kikachomoka, mpira ukatokeza shingoni mbele ya watu wote. Sheikh akanyamaza. Chande, aliyekuwa akipuliza shamba moja na marehemu, akaniangalia.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “hata hapa unatupima?”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatoka nje ya ua nikakizima, nikarudi kukaa nyuma kabisa, na makaburini nilibeba udongo bila kumtazama mtu usoni.

Tuliporudi nikaambiwa Mama Zuhura ananiita. Nikasimama mlangoni, yeye ndani kati ya wanawake, nikampa pole, akaipokea.

“Nimeisikia ile mashine,” akasema. “Ililia humu ndani mwaka jana, akaniambia mpira ukijikunja inalia. Majibu yake yalisemaje?”

Majibu yalikuwa kwenye kompyuta yangu miezi saba. Nilikuwa nangoja kwanza msimamizi wangu ayapitie, halafu nimalize sura ya tasnifu, halafu sijui nini tena. Nikamwambia ukweli, kwamba vumbi lake lilizidi la wenzake wote. Kama ndilo lililomuua sijui, hadi leo sijui, na hilo pia nilimwambia.

Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza.

“Kila Ijumaa alikuwa anapeleka simu kwa jirani mwenye sola,” akasema, “anasema isije ikazima, mwalimu atapiga. Alisema vumbi likiwa jingi ataacha kupuliza, tulime mihogo tu.”

Nililia pale mlangoni, mtu mzima na koti lisilo na kifungo, mpaka Chande akaja kunishika mkono.

Wiki hiyohiyo nikazunguka nyumba zote za wapuliziaji wangu, nikamsomea kila mmoja majibu yake, na msimamizi akakasirika, akasema nimeruka utaratibu. Sawa, akasirike. Nimeapa, kichujio kikishapimwa, aliyekivaa anaambiwa kabla sijaandika mstari mmoja. Namba ya Baba Zuhura bado iko kwenye simu yangu, na sikuwahi kuipiga hata mara moja.